Pamba Iliyo Kwenye Tundu la Nyuma

Bariadi, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Minza, ng'wanone, mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na nawajua wale, hawatakuachia kabla jua halijashuka. Nina muda wa kutosha kuandika ikiwa mkono utakubali. Unatetemeka, kwa hiyo mistari mingine itapanda mlima na mingine itateremka. Isome polepole.

Sitaandika habari ya oili wala matairi, wala kula kwa wakati huko Tunduru unakohamia kikazi. Wewe ni muuguzi. Ni wewe unayenihesabia vidonge vyangu asubuhi na jioni, na nani atavihesabu kuanzia kesho tutajua hiyo kesho. Nataka kuandika juu ya kiyoyozi cha gari.

Usicheke. Najua kimekuchosha. Tangu nilipokuambia kwamba gari ni lako, uende nalo kazini kwako, umehangaika nacho kuliko ulivyohangaika na mizigo yako. Upande wa dereva baridi, upande wa abiria joto. Fundi wa pale karibu na stendi akasema ni gesi, akajaza gesi, upande wa kushoto ukabaki vilevile. Akasema gesi haijazunguka, uendeshe kwanza. Ukaendesha hadi Dutwa na kurudi. Vilevile.

Juzi ukafanya jambo lililonifurahisha, mpaka lilipoacha kunifurahisha. Ulichukua kile kipimajoto chako cha zamani cha friji la chanjo, ukakichomeka kwenye tundu la hewa la kulia, ukasubiri, ukanisomea kwa sauti nami nimekaa barazani: "Nyuzi tisa, Baba!" Ukahamia kushoto. "Ishirini na saba! Mgonjwa mmoja, homa mbili!" Nilicheka mpaka nikakohoa. Kisha ukafungua mlango wa nyuma. Ukaweka kiganja kwenye lile tundu la chini, karibu na magoti ya mtu anayekaa kiti cha kati, ukasema, "Huku hakupumui kabisa. Kuna kitu kimeziba." Ukaagiza kijiko.

Nikapiga kelele: "Acha! Utavunja plastiki!"

Ulinitazama. Sijakupigia kelele ya namna ile tangu ukiwa mtoto, na nadhani sote wawili tuliikumbuka mara ile ya mwisho. Ukaweka kijiko chini. Ukauliza, "Baba, kuna nini huku?" Nikasema naomba maji ya kunywa.

Kuna pamba, Minza. Pamba ya sampuli niliyoichukua ofisini kwangu, nilipokuwa afisa wa pamba, na kuishindilia mwenyewe, kwa kidole na kwa kitako cha penseli, miaka kumi na saba iliyopita, siku ya tatu baada ya kumzika bibi yako Ngolo. Kesho utapita Maswa, na Fundi Jilala wa Nyalikungu atafungua dashibodi na mbavu za gari, na pamba hiyo itatoka. Nataka uitoe ukijua ni nini.

Ulikuwa na miaka tisa. Sijui unakumbuka kiasi gani, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko figo zangu. Sijui kama unakumbuka yaliyotokea, au unakumbuka nilichosema kwamba kilitokea.

Nianze na Jilala. Gari lilikuwa halijamaliza hata miezi sita mikononi mwangu. Nililipeleka kwake kubadilisha oili, naye, kwa udadisi wake, akawasha kiyoyozi akazunguka akipima kila tundu kwa mgongo wa mkono, kama mama anavyopima uji wa mtoto. Akanifuata nilipokuwa nimesimama na magazeti yangu.

"Afisa, gari lako mbele ni Desemba ya Ulaya, nyuma ni tanuri la matofali."

"Maana yake nini?"

Akanieleza, na leo nakueleza wewe kwa maneno yake kwa sababu ndilo jibu la swali lako la wiki mbili. Ndani ya gari hili hewa inapita penye ubaridi na penye hita, na katikati kuna mlango mdogo wa plastiki, mwembamba kama jalada la daftari. Ukigeukia huku unapata baridi, ukigeukia kule unapata moto. Unageuzwa na mota ndogo yenye meno ya plastiki. Meno yakilika, mota inazunguka bure na mlango unabaki ulipo. Kila upande wa gari una mlango wake, na nyuma kuna wake. Ule wa nyuma ulikuwa umekwama upande wa moto. Jaza gesi mpaka ichuruzike, haitageuza mlango. Ukitaka kuujua ugonjwa huo, zima muziki, zima injini, washa swichi tu, kisha geuza kitufe cha joto na utege sikio. Utasikia tik tik tik, kama panya anayetafuna punje. Ndivyo unavyolia upande wako wa kushoto sasa. Nimeusikia tangu mwaka juzi.

"Niachie hadi kesho nifungue," Jilala akasema.

"Nyuma anakaa nani?" nikamjibu. "Watoto. Mbele kuna baridi, inatosha."

Akacheka. "Haya, Afisa. Watoto hawana chama cha wafanyakazi."

Nilicheka naye. Nakuandikia hivyo ili ujue kwamba nilijua. Katika yote yanayofuata, usisahau kwamba nilijua.

Mwezi mmoja baadaye, Septemba, vumbi likiwa kama unga, habari zilikuja kutoka Lingeka, kijijini kwa kina mama yako, kwamba bibi yako amezidiwa. Miguu ilikuwa imevimba na usiku alilala ameketi. Mama yako alikuwa anasimamia mitihani shuleni kwake, hakupata ruhusa. Asubuhi alikuvisha gauni lako la kanisani, akachuchumaa mbele yako, akakushika mabega yote mawili. Nilikuwepo. Alisema, "Leo wewe ndiye mdomo wa bibi. Anachosema, unakipeleka kwa baba kama kilivyo. Usipunguze, usiongeze."

Umekua wakati desturi hii imelegea, vijana siku hizi wanacheza muziki na mama wakwe zao harusini. Sisi hatukuwa hivyo. Mimi na bibi yako, tangu siku niliyoposa, hatukuwahi kula chombo kimoja, hatukukaa mkeka mmoja, na akitaka kunipa maji aliyaweka chini akaondoka. Haikuwa chuki. Ulikuwa mzigo wa heshima tulioubeba pamoja, kila mtu upande wake. Kwa hiyo hakuweza kukaa kiti cha mbele kando yangu, wala kunisemesha moja kwa moja. Alikuhitaji wewe.

Pale Lingeka walijaa. Gari jeupe lenye baridi, la mkwe afisa! Mjomba wako Nkwabi alikuwa mtu wa maneno tangu zamani. "Mayu, mama yangu, chukua blanketi! Huyu mkwe wako atakugandisha, utafika Bariadi umekakamaa kama sangara!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikawasha injini kabla hajaingia ili kila anayetaka aingize mkono dirishani asikie. Waliingiza kweli, mmoja mmoja, dirisha la mbele. "Alaa! Baridi ya kisimani!" Nilisimama pale na suti yangu, kwa kuwa alasiri nilikuwa na kikao cha msimu wa pamba, na nilijiona mtu.

Wakamfunga bibi yako blanketi mpaka shingoni. Wakamweka kiti cha kati, nyuma yangu kidogo kuelekea kushoto, wewe kando yake. Nikafunga vioo vyote kwa kile kitufe cha mlangoni kwangu, nikavifungia visifunguke, kwa sababu ya vumbi na suti. Nikawasha feni ya nyuma kwa mkono wangu.

Hatujafika hata Mwanhuzi ukasema, "Baba, bibi anasema kuna joto."

Nikasema, "Nimesikia. Naongeza." Nikaongeza feni.

Unaelewa nilichokifanya. Mlango ulikuwa umekwama upande wa moto, na mimi nikaongeza upepo. Wakati huo, nakuapia, nilikuwa sijakumbuka maneno ya Jilala. Mikono yangu ilikuwa juu ya usukani na hewa iliyoipiga ilikuwa ya barafu. Mtu mwenye baridi mikononi ni vigumu kuamini habari ya moto.

Baada ya Mwanhuzi ukasema tena. "Baba, bibi anasema miguu inaungua. Anasema hewa inayotoka huku chini ni ya moto."

Hapo nilikumbuka. Nilimkumbuka Jilala na mgongo wa mkono wake, na tanuri la matofali. Ningeweza kusimama. Ningeweza kuzima feni ya nyuma, kitendo cha kidole kimoja, au kufungua kioo. Lakini kuzima ilikuwa kukiri, mbele ya mkwe wangu, kwamba gari nililoonyesha kijiji kizima ni bovu na nililijua ni bovu. Nilijiambia ni homa yake. Nilijiambia tumebakiza kidogo. Hatukuwa tumebakiza kidogo, barabara ile wakati huo haikuwa na lami hata hatua moja.

Nikakujibu kwa ukali, na sasa naandika maneno yenyewe kama yalivyo, bila kupunguza: "Mwambie bibi kiyoyozi kinafanya kazi, mimi mwenyewe nasikia baridi. Na wewe, ukinifungulia tena mdomo habari ya joto, nitakuteremsha hapa utembee na fisi."

Hukuufungua tena.

Nilikuwa na kioo cha kutazama nyuma, Minza. Niliona yote. Nilimwona akikugusa bega, na nikaona wewe ukimtikisia kichwa kwamba haiwezekani. Nilikuona ukimfungua blanketi. Nilikuona ukitoa daftari lako la hesabu ukampepea nalo, mkono mmoja ukichoka unahamishia wa pili, mpaka Maswa, mpaka kuvuka Maswa. Kando yangu kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimeweka kofia yangu pale, na baridi yote ya upande wa kushoto ilikuwa inaipiga kofia.

Tulipofika hospitali alikuwa hasemi. Daktari akauliza, "Amekaa kwenye joto muda gani?" Nikajibu, "Gari lina kiyoyozi." Akaniamini. Nani asingemwamini mtu mwenye suti? Bibi yako alifariki kesho yake. Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka muda mrefu, na mimi sisemi kwamba joto lilimuua. Nimesoma vya kutosha kujua kwamba sijui. Lakini nimeishi miaka kumi na saba na mtu ambaye huenda angefika akiwa anaongea.

Sasa lile ambalo ndilo la barua hii.

Msibani, siku ya pili, tulikaa wanaume upande wetu chini ya turubai. Mama yako alikuja na wanawake wawili kuleta maji. Mjomba Nkwabi hakuwa na utani siku hiyo. Akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, mama njiani hakusema kitu? Hakulalamika chochote?"

Nilisema, "Mtoto ndiye alikuwa mdomo wake. Hakuniambia kitu."

Ulikuwa umesimama pale pale na beseni la kunawia. Watu wote wakageuka. Ulinitazama mimi, siyo wao. Mama yako akauliza, kwa sauti ya chini ambayo ingekuwa afadhali angepiga kelele, "Minza. Kwa nini hukumwambia baba?"

Na wewe, mtoto wa miaka tisa, ukasema, "Nilisahau, mama."

Nimekutana na wakubwa wengi katika kazi yangu, nimeona watu wakifichiana wizi na uzembe kwa hesabu na kwa hofu. Sijaona tena mtu aliyenifichia kosa langu namna ile, akiwa hana cha kupata na maji yakimwagika kwenye gauni lake. Nilikuacha ukiwa hivyo. Nikanawa mikono kwenye beseni lako, nikala.

Siku ya tatu nikachukua pamba, nikaliziba lile tundu ili asipatikane mwingine wa kuusikia ule moto.

Mama yako hakukupiga. Hakukusema. Alikulisha, akakusomesha, akakesha na malaria zako. Alifanya kitu kimoja tu: hakukutuma tena. Watoto wote wa jirani walitumwa na mama yako, chumvi, moto wa kuazima, salamu za mgonjwa, na wewe umesimama mlangoni mikono nyuma. "Mama, niende mimi?" "Hapana, ataenda Kulwa." Mtu wa nje asingeona kitu. Hapa kwetu mtoto asiyetumwa ni kama mgeni anayelala kwenu. Ulikuwa na miaka kumi na miwili nilipokuona umejificha nyuma ya jiko ukimkariria jogoo salamu: "Mama anasema anawasalimu, anasema atakuja Jumapili. Umesikia? Niambie umesikia nini." Nilipita. Nilikuwa na haraka, sikumbuki haraka ya nini.

Na leo wauguzi wenzako wanakuita Sista Umesikia. Unaandika kila ujumbe kwenye kiganja. Unampigia mtu simu unamrudishia maneno yake mara tatu mpaka anakasirika. Watu wanadhani ni uangalifu wa kazi, na wagonjwa wako wanafaidi, sikatai. Mimi najua ulikoupata. Kila ukiniambia "Baba, kidonge cheupe baada ya kula, umesikia? Rudia," nilirudia, na kila nikirudia nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilisema tu, "Cheupe baada ya kula."

Usidhani nimetubu kwa urahisi. Jana ulipokuwa unafunga mabegi, nilimpigia simu Jilala. Nilitaka kumwomba, ukifika, ajaze gesi akuruhusu uende, asifungue nyuma. Nilikuwa nimepanga maneno. Akapokea kwa furaha. "Mzee! Bado uko duniani? Na lile gari je? Ule moto wa nyuma ulishawahi kuufungua?" Miaka kumi na saba, na anakumbuka mlango wa plastiki. Nikamwambia binti yangu atakuja. Akasema, "Mlete, nitamweleza yote tangu mwanzo. Si ndiye aliyekuwa anakaa nyuma?" Nikakata simu. Nilikaa nayo mkononi mpaka ikawa ya moto.

Kwa hiyo ujue pia hili: kama Jilala angekuwa amesahau, huenda nisingeandika. Sitaki unipe sifa ambayo si yangu.

Ulikuwa mdomo mzuri. Ulisema mara mbili, kwa maneno yaliyonyooka. Ya kwanza nilisikia vibaya, ya pili nilisikia vizuri. Hukusahau kitu. Kama kwa miaka hii umefika mahali pa kuamini kwamba ulisahau, basi nimekuibia hata kumbukumbu yako, na ninairudisha hapa kwa maandishi ili uwe na kitu cha kushika siku ambayo sitakuwepo kukiri kwa mdomo. Ionyeshe unayetaka. Msomee mjomba Nkwabi. Isomwe msibani kwangu ukipenda, siwezi kukukataza nikiwa chini.

Habari ya kiyoyozi, jambo moja nimejifunza na ni dogo. Mtu akikuambia upande wake kuna joto, usipime kwa mkono wako ulipo. Simamisha gari, shuka, nenda kakae kwenye kiti chake. Mafundi watatu wamelishika gari hili na hakuna aliyekaa nyuma. Mimi mwenyewe sijawahi kukaa nyuma ya gari langu.

Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, kwa sababu niliona nimekuandikia wewe siri ambayo inakaa kati yako na mama yako, na kwamba ningekuwa nimekutwisha tena mzigo wa kupeleka ujumbe. Ungekutana naye mlangoni asubuhi, barua mkononi, usijue useme au unyamaze. Mdomo wangu bado unafanya kazi. Nikamwita.

Alikuwa anapepeta choroko. Alikuja na ungo wake, akakaa kwenye kile kiti chenye mguu mbovu, akaendelea kupepeta. Nilimwambia yote, tangu mgongo wa mkono wa Jilala mpaka beseni. Sikumsomea barua, nilimwambia. Nilipofika kwenye "nilisahau, mama," ungo ulisimama. Hakulia. Aliuliza swali moja: "Alikuambia mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Mara mbili," akasema.

Akaweka ungo chini, akachukua ufunguo ukutani, akatoka. Kutoka kwenye kitanda changu naona uwanja hadi langoni. Gari lilikuwa juani tangu asubuhi. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa kiti cha kati, kuelekea kushoto, akafunga mlango. Vioo vyote vilikuwa juu. Nilimwona kwa kivuli tu, kichwa na kilemba. Nilihesabu pumzi zangu kwa sababu sikuwa na kingine cha kuhesabu. Nilitaka kwenda kumfungulia na miguu ikakataa. Kuku walikwisha kula nusu ya choroko ndipo akatoka, nguo imemshika mgongoni.

Alipita mbele yangu bila kuniangalia. Akaenda bafuni, nikasikia maji. Aliporudi alisimama mlangoni, akaongea akitazama ukuta.

"Usinisemeshe leo, Baba Minza. Kesho sijui."

Akajifunga upya kilemba.

"Mtoto akirudi usimwambie nimelia, maana sijalia. Kesho nitapanda naye mpaka Maswa. Nitakaa pale fundi akifungua. Pamba ile nataka kuiona kwa macho. Halafu nitarudi kwa basi. Na kabla hajashika barabara ya Shinyanga, atageuza kwanza kwenda Lingeka. Nina maneno ya kumpelekea mama kaburini. Miaka yote nimeshindwa kupata wa kumtuma."

Niliuliza, ingawa nilikatazwa, "Utamtuma nani?"

Akanigeukia kwa mara ya kwanza. "Nina mtoto mwingine?"

Sasa yuko jikoni. Nasikia anachinja kuku, na kwa sauti ya panga nadhani kuku huyo ananiwakilisha. Sijui kesho ataamka na moyo gani kwangu. Hilo ni langu na sikulilii. Nimemwacha mtu huyo akimkosea mwanawe kwa miaka kumi na saba, kila siku, kwa mikono yangu, naye hakujua.

Ujumbe wake wa Lingeka siujui. Hakuniambia na sikustahili kuuliza. Atakupa wewe mwenyewe, nadhani asubuhi, nadhani atakuchuchumalia ingawa siku hizi umemzidi kimo. Usiuandike kwenye kiganja, Minza. Usimrudishie mara tatu. Sikiliza mara moja tu, washa gari, uende. Utafika nao kama ulivyo.

Mimi niliyekusikia mara zote mbili,
Baba yako